Trekta la Zamani Linapokataa Kuwaka: Jinsi ya Kuitafuta Cheche Iliyopotea



Mvua haimngoji mtu. Ardhi ikisha kulowa, siku njema za kupanda ni chache, na kila siku ipitayo bure hupunguza mahindi ghalani. Mwenye jembe la mkono ayajua hayo. Mwenye trekta ayajua zaidi, kwa maana ameweka tumaini lake lote katika mtambo mmoja, na mtambo huo ukinyamaza asubuhi ya kulima, shamba lote limenyamaza.

Katika karatasi hii nataka kukueleza ugonjwa mmoja tu wa trekta la zamani, nao ni kukosa cheche. Ugonjwa huu huwasumbua wengi, na huwafanya watu wengi kutupa fedha zao bure. Lakini ukiijua njia ambayo umeme hupita, waweza kuutafuta ubovu wewe mwenyewe, kwa vyombo vichache, chini ya mwembe wako.

Kabla ya kuanza, sina budi kuungama kosa langu. Mwaka mmoja, mwanzo wa masika, mzee mmoja alinijia akiwa na huzuni. Alikuwa na trekta la Ferguson, lile la rangi ya kijivu, alilolitunza miaka mingi. Baada ya kuamkiana akaniambia, "Bwana Shamba, mwanangu, tangu jana twalizungusha mpaka betri imechoka, wala halitoi hata mlio mmoja." Nilimwuliza maneno mawili matatu, kisha nikamjibu upesi kama mtu ajuaye yote: "Mzee wangu, hiyo ni koili. Nunua koili mpya." Nilisema hivyo nami sijaliona trekta lenyewe wala kuligusa.

Mzee akauza mbuzi wawili, akapanda basi kwenda mjini, akarudi na koili mpya. Trekta halikuwaka. Akanunua na plagi nne. Halikuwaka. Siku ya tano nilikwenda mwenyewe, na niliyoyakuta nitakueleza mwisho wa karatasi hii. Kwa sasa shika neno moja: usinunue kitu chochote kabla trekta lenyewe halijakuonyesha kwamba kitu hicho ndicho kibovu. Nalo litakuonyesha, ukiliuliza kwa utaratibu.

1. TREKTA TUNALOLISEMA

Maelezo haya yahusu matrekta ya zamani yanayotumia petroli au mafuta ya taa, si yale ya dizeli, kwa sababu injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mfano wangu mkubwa ni Ferguson TE20, lililotengenezwa mji wa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 mpaka mwaka 1956. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na mengine yalifika hata Afrika ya Mashariki. Ni mtambo wenye nguvu: tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia, penye theluji tupu, kwa matrekta ya Ferguson ya namna hii. Basi likikataa kuwaka katika shamba lako, usidhani kwamba limekufa. Mara nyingi limekosa kitu kidogo tu.

Ikiwa trekta lako ni la aina nyingine lenye betri na koili, njia ni ile ile. Ikiwa halina koili bali lina magneto, soma pia fungu la 8.

2. SAFARI YA UMEME

Fikiri habari ya mfereji wa maji utokao mtoni kwenda bustanini. Maji yasipofika bustanini, mtu mwenye busara haanzi kuchimba bustani. Huufuata mfereji mpaka aone mahali ambapo maji yamekatika. Cheche nayo ina mfereji wake, na safari yake ni hii:

Umeme hutoka katika betri, yenye volti 6 au 12, ukapita swichi, ukaingia katika koili. Ukitoka koili hupita waya mwembamba mpaka ndani ya distributa, yaani chombo cha kugawanya umeme. Humo mna pointi, ambazo ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Pointi zinapogusana, umeme huweza kupita mpaka chuma cha injini na kurudi kwenye betri, na koili hujaa nguvu. Zinapoachana kwa ghafula, nguvu ile ya koili hugeuka kuwa umeme mkali sana wa maelfu ya volti. Umeme huo mkali hutoka katikati ya koili kwa waya mnene, ukaingia katikati ya kifuniko cha distributa. Ndani ya kifuniko, rota huzunguka na kuugawa kwa zamu, waya kwa waya, mpaka kwenye plagi. Hapo ndipo unaporuka na kuwa cheche, na cheche huwasha petroli.

Karibu na pointi kuna kopo dogo liitwalo kondensa. Kazi yake ni kuzuia pointi zisiungue zinapoachana, na kuifanya cheche iwe kali.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pointi hizo hufunguka mara 4,000 katika dakika hiyo moja. Kwa hiyo usistaajabu zikichakaa.

Shika basi kwamba mna umeme wa namna mbili: umeme mdogo, tokea betri mpaka pointi, na umeme mkali, tokea katikati ya koili mpaka plagi. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni upande upi uliokatika.

3. JIHADHARI KWANZA

Weka gia katika nafasi ya bure, funga breki, na zuia magurudumu kwa mawe. Katika Ferguson mkono wa gia ndio unaowasha stata, kwa kuusogeza mpaka penye alama ya S, na hivyo trekta haliwezi kuanza likiwa katika gia. Lakini ukitumia hendeli, ulinzi huo haupo. Wengi wamegongwa na trekta lao wenyewe kwa kusahau jambo hili.

Ukizungusha kwa hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiufumbate mkono wa hendeli. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirudi nyuma kwa nguvu, hendeli itakutoka mkononi. Lakini ukiwa umeifumbata, yaweza kuvunja kifundo chako.

Usijaribu cheche mahali palipomwagika petroli. Ikiwa injini imenuka petroli, iache ipumue kwanza, na usilaze plagi karibu na tundu lake lililo wazi. Waya mnene ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira mkavu. Umeme wake waweza kukurusha, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo asifanye kazi hii kabisa.

4. HAKIKISHA KWAMBA NI CHECHE ILIYOKOSEKANA

Tazama kwanza mambo manne, nayo hayagharimu hata senti moja.

Je, petroli imo, na bomba lake limefunguliwa? Nimeitwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kuja kufungua bomba la petroli.

Je, trekta lako hutumia mafuta ya taa? Matrekta hayo huanza kwa petroli, na yakisha pata joto hugeuzwa kwenda mafuta ya taa. Mtu akilizima trekta jioni bila kulirudisha kwenye petroli, mafuta ya taa hubaki ndani ya kabureta, na asubuhi injini baridi haiwezi kuyawasha. Plagi hulowa, na watu husema, "Hakuna cheche." Ubovu wenyewe si wa umeme. Mwaga mafuta yaliyo ndani ya kabureta, kausha plagi, weka petroli, ujaribu tena.

Je, betri ina nguvu? Stata hula umeme mwingi. Betri dhaifu huweza kuzungusha injini polepole, lakini haibakizi umeme wa kuitosha koili. Jaribu kwa hendeli, au kwa betri nyingine nzuri.

Je, vichwa vya betri ni safi na vimekazwa? Unga mweupe au wa kijani kibichi huzuia umeme. Ukivifungua, weka alama ili usigeuze nyaya. Katika matrekta mengi ya zamani ya Kiingereza, upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye chuma cha trekta, kinyume cha motokari za siku hizi.

5. VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Huhitaji karakana. Tafuta spana ya plagi, bisibisi, koleo, tupa ndogo nyembamba, kitambaa kikavu, na kipimo cha nafasi chenye majani membamba ya chuma. Tena fanya taa ya kupimia: balbu ndogo ya motokari yenye volti sawa na betri yako, iliyounganishwa na nyaya mbili za urefu wa mkono mmoja. Taa hiyo itakuwa jicho lako ndani ya nyaya.

6. MASWALI MATATU YA KULIULIZA TREKTA

Swali la kwanza: Je, cheche yafika kwenye plagi? Fungua plagi moja, irudishe katika waya wake, kisha ilaze juu ya injini ili mwili wake uguse chuma kitupu. Washa swichi, mwambie mwenzako azungushe injini, nawe tazama kivulini. Cheche nzuri ina rangi ya samawati nayo hulia kwa mlio mkavu. Cheche ya manjano, nyembamba, isiyolia, ni dhaifu. Fanya hivyo kwa plagi zote nne. Ikiwa moja tu haina cheche, badilishana plagi na ya jirani yake. Ubovu ukiifuata plagi, plagi ndiyo mbovu. Ubovu ukibaki pale pale, tazama waya wake na tundu lake katika kifuniko. Ikiwa zote zina cheche nzuri, nenda fungu la 9.

Swali la pili: Je, cheche yatoka kwenye koili? Chomoa ule waya mnene wa katikati ya kifuniko cha distributa. Ushike kwa koleo, ncha yake iwe mbali na chuma cha injini kiasi cha robo inchi. Mwenzako azungushe. Cheche kali ikiruka hapo, koili, kondensa na pointi zinafanya kazi, na ubovu uko mbele: katika kifuniko, rota, nyaya nene au plagi. Isiporuka, au ikiwa dhaifu, ubovu uko nyuma, na mara nyingi ni katika umeme mdogo.

Ona, ndugu yangu: kwa jaribio hili moja tu, lisilochukua dakika mbili, umekwisha kuiondoa nusu ya kazi. Laiti mimi ningalilifanya siku ile ya kwanza, mbuzi wa mzee wangalikuwa zizini.

Swali la tatu: Umeme mdogo umekatika wapi? Hapa ndipo taa yako inapokuhudumia. Waya mmoja wa taa uguse chuma kitupu cha injini siku zote. Wa pili ndio wa kuulizia. Swichi iwe imewashwa.

Kwanza, gusa mdomo wa koili unaotoka kwenye swichi. Katika koili nyingi za Kiingereza una alama SW. Taa isipowaka, ubovu uko katika swichi, au waya, au betri. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uone mahali inapowaka.

Ikiwaka hapo, gusa mdomo wa pili wa koili, wenye alama CB, unaokwenda kwenye distributa. Mwenzako azungushe injini polepole kwa hendeli. Taa yapasa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kadiri pointi zinavyofunguka na kufunga. Ikifanya hivyo, pointi zinakatiza umeme vema, lakini ikiwa cheche bado ni dhaifu au haipo, shuku kondensa, kisha koili.

Taa ikikaa inawaka bila kuzimika, maana yake umeme hauna njia ya kupita pointi: pointi ni chafu, au hazigusani, au kuna waya uliokatika ndani ya distributa.

Taa isipowaka kabisa, ondoa ule waya uendao distributa, kisha uguse tena mdomo wa CB. Ikiwaka sasa, umeme ulikuwa ukivuja ndani ya distributa: pointi hazifunguki, au kondensa imekufa, au waya umechubuka na kugusa chuma. Isipowaka hata hivyo, uzi wa ndani wa koili umekatika, na hapo ndipo panapokuwa na haki ya kununua koili.

7. KUTENGENEZA KILICHOONEKANA

Pointi. Trekta likikaa miezi bila kazi, pointi hufanya utando hata zikiwa mpya, na utando huo huzuia umeme. Zisugue taratibu kwa tupa ndogo, kisha pitisha kadi ngumu safi iliyoloweshwa petroli kidogo na uiache ikauke. Usitumie msasa wenye mchanga mkali, kwa maana chembe zake hunasa juu ya pointi. Kisha pima nafasi. Zungusha injini mpaka nundu ya mhimili izifungue pointi kabisa, ndipo uingize kipimo. Nafasi hutofautiana kwa aina ya distributa, kati ya inchi 0.010 na inchi 0.022, tafuta kitabu cha trekta lako usipime kwa jicho. Paka grisi kidogo sana juu ya nundu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ikizidi itarukia pointi.

Kondensa. Pointi zikiungua mara kwa mara, au ukiona moto mwingi kati yake zinapofunguka, kondensa ni ya kushukiwa. Ijaribu kwa kuweka nyingine unayojua kuwa nzima. Wala usidhani kwamba kitu kipya lazima ni kizima. Kondensa mpya mbovu huuzwa pia, kwa hiyo usiitupe ile ya zamani mpaka mpya imefanya kazi.

Kifuniko na rota. Futa umande, mafuta na vumbi kwa kitambaa kikavu. Tazama ndani kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi, hiyo ndiyo njia ambayo umeme mkali umejitengenezea, nao hautapona kwa kufutwa. Kifuniko hicho kibadilishwe. Hakikisha kaa dogo la katikati lipo na hurudi juu likisukumwa. Rota nayo itazame isiwe na ufa.

Nyaya nene. Panya huzipenda. Zichunguze usiku injini ikinguruma: mahali panapovuja utaona mwanga mdogo ukicheza. Usiziguse wakati huo.

Plagi. Soma rangi yake. Kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi kuliko hewa. Weusi wenye mafuta waonyesha mafuta ya injini yamepanda. Weupe mkavu waonyesha joto mno au petroli kidogo. Safisha, kisha weka nafasi kama kitabu kinavyosema. Katika matrekta mengi ya namna hii ni kati ya inchi 0.025 na 0.032. Ukikosa kipimo kabisa, jani la msumeno wa chuma huwa na unene wa karibu inchi 0.025, nalo latosha kukuokoa kwa siku moja.

8. TREKTA LENYE MAGNETO

Baadhi ya matrekta, kama yale mengi ya Fordson, hayategemei betri kwa cheche. Yana magneto, chombo chenye sumaku kinachojitengenezea umeme kinapozunguka. Humo pia mna pointi, kondensa, kifuniko na rota, na hutunzwa vivyo hivyo.

Mambo mawili ni ya magneto peke yake. La kwanza, swichi yake hufanya kinyume: huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye chuma. Kwa hiyo waya wake ukichubuka, trekta huwa limezimwa siku zote. Ondoa waya huo kwenye magneto, ujaribu. Cheche ikirudi, ubovu ni wa waya au swichi. Lakini kumbuka kwamba waya ukiwa umeondolewa, huwezi kuzima kwa swichi. Uwe tayari kufunga petroli.

La pili, magneto nyingi zina springi ya kusaidia kuanzia. Ukizungusha hendeli polepole wapasa kusikia mlio, "ta!", kila zamu ya cheche. Usipousikia, springi imenasa kwa mafuta mazito au uchafu, na cheche ya kuanzia itakuwa dhaifu. Safisha kwa mafuta ya taa mpaka ilie. Ikiwa yote ni safi na cheche bado ni dhaifu, huenda sumaku imechoka au uzi wa ndani umeharibika. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mitambo yake.

9. CHECHE IPO, LAKINI HALIWAKI, AU HUZIMIKA NJIANI

Injini ikitema moto kwa kabureta au bomba la moshi, shuku kwamba nyaya za plagi zimechanganywa. Katika Ferguson TE20 zamu ya silinda ni 1, 3, 4, 2. Katika Ford 9N la Marekani, lililoanza mwaka 1939 na kufanana sana na Ferguson kwa umbo, zamu ni 1, 2, 4, 3. Ndugu hawa wawili wamewadanganya mafundi wengi. Kabla ya kuchomoa nyaya, funga kila mmoja uzi wenye mafundo: fundo moja kwa silinda ya kwanza, mawili kwa ya pili, na kadhalika.

Trekta likilima vema kwa saa nzima, kisha likazimika, na baada ya kupumzika nusu saa likawaka tena, mambo mawili hushukiwa. Huenda koili au kondensa inakufa ikipata joto. Au huenda tundu dogo la hewa katika kifuniko cha tangi limezibwa kwa vumbi, na petroli haishuki. Ili kutofautisha, mara linapozimika, kabla halijapoa, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, zibua tundu. Usiposikia, fanya jaribio la cheche pale pale shambani. Ukingoja lipoe, ushahidi umepotea.

10. NILIYOYAKUTA KWA MZEE

Sasa nirudi kwenye deni langu. Siku ile ya tano nilifika alfajiri. Nilimwamkia mzee, naye akaniitikia kwa upole, lakini wanawe hawakunitazama usoni. Nikaanza mwanzo, kama ningalivyopaswa kuanza siku ya kwanza. Plagi zote hazikuwa na cheche. Koili mpya haikutoa cheche. Nikaweka taa penye SW, ikawaka. Nikaiweka penye CB, kijana akazungusha hendeli. Taa ikawaka, wala haikuzimika hata mara moja.

Wewe uliyesoma fungu la 6 wajua maana yake: umeme haukuwa na njia ya kupita pointi. Nikafungua distributa. Pointi zilikuwa safi, na nafasi yake ilikuwa sawa. Basi nikachukua kijiti kikavu, nikausukuma kidogo ule waya mdogo wa ndani, ulio laini, wenye nguo ya pamba, unaopeleka umeme kwenye pointi. Taa ikazimika. Nikauacha, taa ikawaka. Waya ulikuwa umekatika ndani ya nguo yake, mahali usipoweza kuonekana kwa macho.

Tulikata kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, usiozidi urefu wa kidole. Waya mgumu haufai hapo, kwa sababu sahani ya pointi hucheza na waya mgumu ungekatika tena. Tulipoufunga, kijana alizungusha mara mbili, na trekta likanguruma. Kisha nikaomba ile koili ya zamani, niliyoihukumu bila kuiona, nikairudisha mahali pake. Trekta likawaka vile vile. Koili ile haikuwa na hatia.

Nilimwomba mzee radhi mbele ya wanawe. Akanyamaza kidogo, akisikiliza injini, kisha akasema, "Mwanangu, mbuzi wangu wamekulipia karo. Basi nenda ukawafundishe na wengine." Alipanda siku sita baada ya majirani zake, na mahindi yake ya mwaka ule yalikuwa haba kuliko yao.

Ndiyo sababu nimekuandikia karatasi hii. Wiki mbili kabla ya mvua, usingoje siku ya kulima: safisha pointi, pima nafasi, futa kifuniko, tazama nyaya, usome rangi ya plagi. Uandike katika daftari siku uliyofanya na ulichokiona. Na ikitokea asubuhi moja trekta likakaa kimya, mtu akikuambia kwa mbali, "Hiyo ni koili," hata akiwa Bwana Shamba mwenyewe, mshukuru kwa adabu, kisha uchukue taa yako ya kupimia uanze kwenye betri.